Uzito Alioutoa Mdogo Wangu

Machi 4

Mvua imeanza leo alasiri, na kabla ya giza Warefu wameshuka kutoka milimani. Wa mtaa wetu ni yule yule wa kila mwaka, ambaye watu wanamwita Nguzo. Amepita mbele ya dirisha langu akiwa ameinama ili kichwa chake kisikate nyaya za umeme, akaingia mtoni hadi kiunoni, akauegemeza mgongo wake kwenye ukingo ulio juu ya nyumba zetu. Watoto wamempungia mikono. Mdogo wangu naye amempungia akiwa kitandani, ingawa kutoka kitandani kwake mto hauonekani.

Nilipokuwa msichana, Warefu walisimama kwa nguvu zao wenyewe. Mto ulikuwa na mahali pa kutanukia, na watu walikuwa na adabu ya kujenga mbali nao. Sasa tumejenga hadi mdomoni mwa maji, na Mrefu asiye na mzigo husombwa kama gogo. Kwa sababu hiyo kila mwaka tunaombwa tuchangie uzito. Mtu huenda ukingoni, huweka kiganja chake kwenye bega la Mrefu, na jambo linalomlemea moyoni, liwe hatia, aibu au msiba, linahama. Mtu hurudi nyumbani mwepesi, wala hakumbuki kwamba jambo hilo liliwahi kutokea. Mrefu hulibeba kwa niaba yake na kusimama imara.

Mimi sijachangia hata mara moja. Mtu akishatenda jambo, ni lake.

Machi 6

Mvua.

Machi 9

Mshona nguo amekuja kumpima mdogo wangu gauni la kulalia, akaleta na malalamiko yake. Mwaka jana aliyekuwa mume wake, fundi viatu wa pale kona, alikwenda ukingoni akachangia ndoa yao yote pamoja na talaka yake. Tangu hapo hamjui.

"Mwalimu, leo amenifuata tena. Ananiambia, 'Dada, sura yako si ngeni.' Si ngeni! Nimemzalia watoto watatu!"

Mdogo wangu amecheka hadi akajishika ubavu. "Mkubalie tu. Labda safari hii atajua kuoga."

"Aoge, asioge, anaomba kwa upole, hilo ndilo linaloniua. Sasa nimkasirikie nani? Yule aliyekuwa ananipiga hayupo tena. Huyu hajui lolote."

Hapo mdogo wangu ameacha kucheka. Nimemwambia mshona nguo aangalie pindo, linakwenda upande.

Machi 12

Niandike mambo yalivyo, kwa sababu wiki hizi zote zinazunguka jambo hili moja.

Mume wangu alipofariki nilipelekwa kufundisha shule ya mbali, nikamwacha binti yangu mdogo kwa mdogo wangu. Kila likizo nilisafiri kuja kumwona. Kila likizo nilimkuta mdogo wangu mlangoni, naye aliniambia kwamba mtoto ana surua, au mtoto amechukuliwa na upande wa baba yake, au mtoto amelala na daktari amekataza asiamshwe. Mtoto alikuwa ndani. Nilipokwisha kuondoka aliambiwa, "Mama yako hakuja." Nilipopata uhamisho na kurudi kumchukua, nilichukua mtoto aliyekwisha kunifuta.

Sasa ni mtu mzima, anaishi ng'ambo ya mto, mji wa juu. Ananiamkia kwenye misiba. Binti yangu anamwita mdogo wangu "mama" bila kuongeza "mdogo", nami ananiita "mama" kama mtu anayejaza nafasi.

Haya yote nimeyajua mwezi uliopita tu. Moyo wa mdogo wangu umeanza kushindwa kazi, daktari amesema waziwazi, na usiku mmoja akaniita akanieleza. Sikupiga kelele. Nilimwambia sharti moja: amweleze binti yangu kwa kinywa chake. Nikisema mimi hataamini. Ameshausikia utetezi wangu na ameupima kama utetezi. Mdogo wangu amekubali. Binti ameahidi kuja kumwona mgonjwa barabara ya juu itakapofunguliwa, maana matope yameifunga.

Kwa hiyo tunasubiri barabara.

Machi 15

Jioni hii nimemfanyisha mazoezi. Nataka siku itakapofika asibabaike.

"Anza," nikamwambia.

"Mwanangu, kuna jambo..."

"Si mwanao. Anza tena."

"Binti wa dada yangu, kuna jambo nilikuficha. Ulipokuwa mdogo, nilikuambia mama yako hakuja."

"Mara ngapi?"

"Dada, mara nyingi."

"Alikuja kila likizo. Sema kila likizo. Sema na ulichoniambia mimi mlangoni. Sema na mtoto alikuwa chumba gani."

Amerudia hadi akakosa pumzi. Nimempa maji, tukaendelea.

Machi 18

Mwenyekiti wa mtaa amebisha hodi, amelowa hadi mifupa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Futa miguu."

Amefuta. Amesema Nguzo ameteleza hatua nzima tangu juzi, kwa sababu michango ya mwaka huu ni mepesi mno. "Vijana wanampelekea manyoya, Mwalimu. Huyu kafeli mtihani, huyu kaachwa na mpenzi wa wiki mbili. Mto haushikwi na mapenzi ya wiki mbili! Sasa watu wanasema... usinikasirikie, ni watu wanaosema... wanasema wewe una jiwe kifuani."

"Jiwe ni langu."

"Tunajua ni lako. Tunaliazima."

"Kitu cha kuazima hurudishwa. Hicho hakirudi."

Amekuna kichwa, kisha akautazama mlango wa chumba cha mgonjwa. "Na yeye je? Mgonjwa hapaswi kubeba vitu vizito, hata daktari atakuambia."

Nimemfungulia mlango wa kutokea.

Machi 20

Mvua. Mazoezi.

Machi 21

Mvua. Mazoezi. Bado anaruka sehemu ya surua.

Machi 25

Maji yameingia sebuleni kwa mshona nguo. Amepandisha cherehani juu ya meza na watoto juu ya kabati. Fundi viatu amekuja kumsaidia kuchota maji bila kuombwa, na mshona nguo amemwacha achote.

Mdogo wangu hali chakula sawasawa. Leo ameniomba jambo.

"Dada, kwa nini nisiseme kwa ufupi? Nilikosa. Basi. Atanielewa."

"Kwa sababu hukukosa kwa ufupi."

"Nitakufa kabla barabara haijafunguliwa, na mazoezi yako yote yatakwenda bure."

"Basi fanya bidii usife."

Amegeukia ukutani, akasema yote kuanzia mwanzo, pamoja na surua, bila kosa hata moja. Ilikuwa sahihi kabisa. Nimemwambia kesho arudie.

Machi 29

Nilikwenda duka la dawa, na kwa sababu njia ya chini imejaa maji nilizunguka mbali. Niliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri, kwa hiyo nilijua hakuchukuliwa kwa haraka.

Nilipanda ukingoni bila mwavuli. Mtaa mzima ulikuwa pale. Mwenyekiti na fundi viatu walikuwa wamembeba juu ya kiti cha jikoni, kiti changu, na mshona nguo alikuwa akimfunika kwa turubai. Kiganja chake kilikuwa tayari kwenye bega la Nguzo. Nilimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo nilikuwa sijalitumia tangu wazazi wetu walipokufa. Hakugeuka.

Nguzo alishuka. Sijui namna nyingine ya kuliandika. Miguu yake ilizama kwenye tope kama msumari unaopigwa nyundo, mgongo wake ukakaza, na maji yaliyokuwa yakipita juu ya ukingo yakakatika papo hapo. Watu walipiga vigelegele. Mwenyekiti alilia.

Ndipo mdogo wangu alipogeuka. Uso ule niliuona mara ya mwisho alipokuwa na miaka kumi.

"Dada! Umelowa chapachapa. Mwavuli uko wapi?"

"Utamwambia nini binti yangu?"

"Kwani anakuja?" Akapiga makofi. "Jamani, mwanangu anakuja! Nimwambie nini tena? Nitamwambia karibu."

Mwenyekiti amenishika mkono. "Mwalimu, mdogo wako ameokoa mtaa. Tangu nizaliwe sijaona uzito kama ule. Alikuwa amebeba nini, masikini?"

Nimewauliza ni nani aliyemshawishi. Mshona nguo ndiye aliyejibu, akiwa ameangalia chini.

"Mwalimu, hakushawishiwa. Alituita mwenyewe dirishani. Alisema, 'Nibebeni kabla dada hajarudi. Leo jioni tena siwezi.'"

Tumemrudisha kwa kiti kile kile. Njiani alikuwa akiimba.

Machi 30

Mvua. Hakuna mazoezi.

Aprili 2

Amepata nafuu. Anakula, anakaa mwenyewe, anatania watu dirishani. Daktari anasema moyo umetulia na hana maelezo. Majirani wanaleta vyakula kwa zamu na kumwita "Mama wa Mtaa". Mimi wananiamkia kwa haraka na kupita.

Aprili 6

Nimemwambia mimi mwenyewe. Niliketi kitandani kwake nikamsomea jambo lote lilivyokuwa, kwa maneno yake mwenyewe, yale niliyomfundisha na aliyonifundisha.

Alisikiliza hadi mwisho. Machozi yakamtoka.

"Dada, nani amekuambia uongo huo? Mimi nikunyime mtoto wako? Wewe ndiye hukuja. Nakumbuka. Nilikuwa nasimama naye mlangoni tunakungoja, ananiuliza mama atakuja na gari gani."

"Nilikuja. Ulinifukuza mlangoni."

"Hukuja, dada." Alisema kwa upole kabisa. "Lakini ulikuwa umefiwa. Ulikuwa mbali na peke yako. Mimi sikukulaumu, na wala usijilaumu."

Kisha akaushika mkono wangu, akanisamehe.

Nimetoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Aprili 9

Mvua imepungua kidogo. Inasemekana wanaondoa matope kwenye barabara ya juu.

Aprili 11

Binti yangu amefika saa nne asubuhi. Ameniamkia mlangoni: "Shikamoo, mama." "Marahaba." Viatu amevua, mkoba ameushika, akapita moja kwa moja chumbani kwa mgonjwa. Nilisikia wote wawili wakilia na kucheka.

Baada ya chakula nilifunga mlango na kusema. Nilisimama, kama nilivyosimama mbele ya madarasa miaka yote. Nilisema mlango, likizo, surua, chumba cha nyuma. Sikuruka kitu.

Binti yangu alimgeukia mama yake mdogo. "Mama, ni kweli?"

"Si kweli, mwanangu. Lakini usimkasirikie. Anateseka."

"Umemsikia?" akaniambia. "Mtazame usoni. Mtu anayedanganya ana uso ule? Nimeishi na nyuso za watu wanaonificha mambo, najua zilivyo."

"Hana hatia usoni kwa sababu ameitoa. Ameichangia mtoni. Uliza mtaa mzima."

"Mtaa mzima unajua alichangia. Alichangia nini, unajua wewe peke yako. Mama, kila jirani aliyeingia hapa tangu asubuhi anasema ulikuwa unamsumbua mgonjwa kila jioni. Mshona nguo anasikia kupitia ukutani. 'Anza tena, anza tena.' Ulikuwa unamfundisha aseme unachotaka."

Nilifungua kinywa. Nikaanza tena na habari ya mlango, akanikatiza.

"Ningekuamini," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa, "kama angesema yeye, hata kidogo tu, hata vibaya. Miaka yote hii nilikuwa nangoja mtu aniambie ulikuja."

Aprili 12

Asubuhi nilikwenda ukingoni. Mto bado ni mkubwa, rangi ya matofali. Nguzo aliinamisha kichwa ili anisikie. Warefu hawana salamu wala maneno ya kuzunguka, na hilo ndilo pekee ninalolipenda kwao.

"Una jambo la mdogo wangu," nilisema.

"Ninalo."

"Mwambie binti yangu. Yuko nyumbani. Nitamleta hapa."

"Nikilisema, linanitoka. Ni zito kuliko yote niliyo nayo. Likitoka, nitateleza."

Nyuma yangu, chini ya ukingo, mshona nguo alikuwa akianika magodoro juani. Watoto wake watatu walikuwa wakirushiana tope. Fundi viatu alikuwa juu ya paa lake akipigilia bati.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Wewe unalo lako. Ni la jambo lile lile, na ni zito karibu sawa. Nipe lako kwanza, kisha nitasema lake."

"Nikikupa langu, nitakuwa sijui kwamba nilikuja."

"Hutajua kwamba ulikuja. Hutajua kwamba ulifukuzwa."

"Yeye atajua."

"Yeye atajua."

Nilisimama pale. Binti yangu angesikia ukweli, angelia, angenitazama, na mimi ningekuwa mwanamke anayeshangaa kwa nini analia. Miaka yote nilichotaka ni kuwapo siku atakapojua kwamba nilikuja. Niliinua mkono wangu, kisha nikauweka mfukoni.

"Nipe siku moja," nilimwambia.

"Siku si zangu," alisema, akainua kichwa chake tena juu ya mapaa.

Aprili 13

Nimeamka nikiwa nimekata shauri. Nimevaa gauni langu zuri. Nilitaka kumwambia binti yangu tufuatane, lakini kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na mkoba haupo. Mdogo wangu alikuwa akinywa uji.

"Ameondoka mapema asikose gari. Amesema atapitia ukingoni aage. Nilimwambia achangie kidogo kabla hajaenda. Ni adabu kwa mtaa, dada. Tena atajisikia vizuri, kama mimi."

Nilikimbia. Nilikuwa sijakimbia tangu nilipostaafu. Nilimkuta akishuka ukingoni, ameshika viatu mkononi, anatabasamu.

"Mama! Mbona unahema hivyo? Shikamoo." Alinikumbatia. Nilikuwa nimesubiri mikono ile miaka yote, na ilikuwa miepesi kama ya mgeni aliyekaribishwa vizuri. "Unajua, sielewi kwa nini nilikuwa siji huku. Ni karibu tu. Nitakuja tena, nitaleta watoto."

"Juzi ulisema ulikuwa unangoja mtu akuambie jambo."

"Nilisema hivyo?" Alifikiri kwa bidii ili asinivunje moyo. "Jambo gani?"

Gari lilipiga honi. Alivaa viatu, akanipungia, akaenda.

Nilimtazama Nguzo. Alikuwa amezama zaidi, na mto ulikuwa ukimpita kando kama mtu aliyekosewa.

"Sasa nimepata uzito mwingine," alisema. "Naweza kulisema la mdogo wako bila kuteleza. Nani aambiwe?"

Aprili 14

Mvua.

Aprili 22

Mvua. Mwenyekiti amekuja kuomba jiwe langu tena, kwa utani. Nimemjibu kwamba mto umekwisha kushiba na kwamba yeye afute miguu.

Aprili 30

Binti hajaja. Mdogo wangu anasema wana kazi nyingi huko juu. Mimi nadhani ni jambo rahisi zaidi. Binti aliyekuwa na sababu ya kutokuja ndiye aliyekuwa na sababu ya kuja, na sababu zote mbili ziko ndani ya mto.

Fundi viatu na mshona nguo wameonekana wamekaa pamoja kizingitini. Fundi alikuwa akimpima mguu.

Mei 5

Mvua imekwisha. Maji yamerudi kwenye njia yake, na leo Warefu wamepanda milimani, ambako humwaga mizigo yetu mahali tusipopajua. Mtaa umewasindikiza hadi nyumba ya mwisho kisha ukarudi. Mimi niliendelea. Nguzo alipunguza hatua zake bila kuambiwa.

"Kabla hujalimwaga," nilimwambia, "liseme. Niambie mimi."

"Wewe unalijua."

"Lisemwe mara moja na mtu asiyetaka kitu."

Alikaa chini barabarani, magoti yake yakiwa juu ya kichwa changu, akafumbua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mdogo wangu. Haikuwa ile niliyoifanyisha mazoezi. Ilikuwa na kigugumizi na ilianzia katikati.

"Alikuwa halali usiku. Likizo ikikaribia halali, hali, anakaa dirishani. Dada anakuja siku mbili, anaondoka, mtoto anaugua wiki mbili, anatapika, anaita. Nikasema mara moja tu asimwone, apone. Akapona. Nikasema mara moja tena. Halafu siku moja ameanguka, ameumia goti, ameniita mimi mama. Mimi sikuzaa. Nani angemsahihisha? Nikamwambia mama yako hakuja, akauliza hata kidogo? Nikasema hata kidogo. Dada akibisha hodi namziba mtoto masikio kwa mikono yangu. Namziba, namwimbia. Mungu anisamehe, nilikuwa namwimbia kwa furaha."

Kisha ikaisha. Nguzo alipepesa macho.

"Limetoka," alisema. "Mimi silijui tena. Lilikuwa nini?"

Hapakuwa na surua katika maneno yale, wala idadi ya likizo. Hapakuwa hata na mahali pa kusahihisha. Nilimwambia aende zake, safari ni ndefu.

Nimefika nyumbani jua likiwa bado kali. Mdogo wangu alikuwa uani, anapepeta mchele, amenenepa mashavu.

"Umewafikisha wapi, dada?"

"Mbali kidogo."

"Nguzo amesema lolote?"

Nimeokota punje za mchele zilizoruka nje ya ungo.

"Amekushukuru," nilimwambia. "Amesema hajawahi kubeba kitu chepesi kama chako."

Amefurahi mno. Ameacha ungo, amekwenda kumwambia mshona nguo, na sasa ninamsikia kupitia ukutani, analirudia neno kwa neno, bila kosa.